UZI: iOS 26 beta na sura yake ya kioo. Tulioijaribu Lamu na Malindi tuseme: juani inasomeka?

#1. MkaziWaMkomani (Lamu), mwisho wa Julai 2025

Assalam aleikum wadau, wa pwani na wa bara.

Tangu Apple ifungulie umma beta (toleo la majaribio) ya iOS 26, mfumo mpya wa simu za iPhone, tarehe 24 mwezi huu, vijana wengi hapa mjini wameitia kwenye simu zao. Barazani mazungumzo ni hayo hayo. Wapo wanaosema wamepata simu mpya bila kutoa shilingi, na wapo wanaotaka warudishiwe ya zamani leo hii. Nimefungua uzi kwa sababu kuna jambo naona wakaguzi wa YouTube wanalipita mbio: skrini hii ukitoka nayo nje, jua likiwa utosini, inasomeka?

Kwa ambao hawajafuatilia, kwa ufupi. Sura mpya ilitangazwa tarehe 9 Juni kwenye WWDC, mkutano wa Apple na watengeneza programu, na jina lake ni Liquid Glass. Vitufe, menyu, arifa na upau wa chini vyote sasa vinapitisha mwanga. Picha iliyo nyuma inaonekana, na pembeni inapinda vile mwanga unavyopinda ukipita kwenye kioo kinene. Namba nayo imeruka kutoka 18 hadi 26 ili mifumo yote ya kampuni hiyo iende na namba moja. Badiliko kubwa la sura kiasi hiki halijatokea tangu iOS 7 ya mwaka 2013.

Niseme wazi kwamba uzuri wake naukubali. Usiku, ukiwa umekaa ndani na taa hafifu, ukivuta ile paneli ya vidhibiti kutoka juu unaona kazi ya watu waliokaa wakafikiri. Hoja yangu ni ya mchana.

Lamu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana pale gatini huna kivuli cha kukimbilia, na maji yenyewe yanakurudishia mwanga usoni. Sasa tazameni hesabu hii. iPhone 16 ikiwa nje inaweza kupandisha mwangaza wake hadi niti 2000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini). iPhone 11, ambayo ndiyo ya zamani zaidi katika zile za namba zinazopokea iOS 26, mwisho wake ni niti 625. Na ukweli wa huku mnaujua: simu zilizo mikononi mwetu ni 11, 12, 13, zilizopita kwa mtu mmoja au wawili kabla hazijatufikia. Herufi nyeupe juu ya kitufe kinachopitisha mwanga, kwenye niti 625, chini ya jua la Lamu. Hilo ndilo jaribio ninalolitaka, kwa sababu ndiyo matumizi yetu ya kila siku.

Nilimwomba nahodha mmoja kijana anayepeleka watu na mizigo visiwani anisaidie kulifanya. Mnajua mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakitoka, lazima uvizie maji kujaa. Wazee wanahesabu kwa mwezi na hawana haja ya simu, lakini kijana huyu ana programu ya maji kujaa na kupwa inayomtumia arifa kwenye skrini iliyofungwa. Picha aliyoiweka ni chombo chake mwenyewe, tanga jeupe limejaa upepo. Arifa ilipoingia, maandishi meupe yakaangukia juu ya tanga jeupe. Akaipa jua mgongo, akainamisha kichwa, akaweka kiganja juu ya simu, ndipo akasoma saa ya maji. Nikaichukua simu nikawasha kitufe kimoja kwenye mipangilio, nikamrudishia. Safari hii aliisoma mkono mmoja ukiwa kwenye usukani.

Kitufe chenyewe ni hiki, na wala hakikuja na beta, kipo miaka mingi: ingia Settings, kisha Accessibility (ufikivu), kisha Display & Text Size, washa Reduce Transparency. Hapo hapo chini yake kuna Increase Contrast, washa nayo. Vioo vinageuka kuwa na ukungu mzito na vitufe vinapata mipaka. Uzuri unapungua kidogo, usomaji unarudi.

Swali langu kwenu: kwa nini mtu aende kuchimba ndani ya mipangilio ya ufikivu ili asome saa ya maji? Wangapi wanajua kwamba mlango huo upo? Tuseme tulichoona, kila mtu na simu yake.

#2. FundiSimu_Malindi

Waalaikum salam kaka. Mada nzuri, lakini kabla watu hawajakimbilia kujaribu niruhusu nitoe onyo, maana yanaletwa kwangu mezani.

Beta usiitie kwenye simu ambayo ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa, ya benki, ya kazi na ya mama. Kila siku naletewa simu, mtu anataka arudi iOS 18. Kurudi kunawezekana ila kuna masharti: unahitaji kompyuta, simu inafutwa yote, na nakala uliyohifadhi ukiwa ndani ya iOS 26 haikubali kurudishwa kwenye iOS 18. Kwa hiyo kama hukuhifadhi nakala kwenye kompyuta kabla ya kuingia beta, picha na meseji za kipindi cha nyuma utazipoteza au itabidi ubaki huko huko usubiri toleo kamili. Juzi kijana analia picha za harusi ya dada yake. Nilichoweza kumwambia ni abaki kwenye beta, tuzihamishe picha kwanza moja moja kwenye kompyuta, ndipo tuzungumze habari ya kufuta.

La pili, programu za benki. Ipo moja, siitaji jina, ilikataa kufunguka kabisa kwa mteja wangu mpaka ilipopata sasisho. Akakaa siku kadhaa akitembea tawini kwa miguu. Hili ni la kawaida kwenye beta yoyote ya mfumo wowote, si la kumlaumu mtu, lakini ulijue kabla.

La tatu linagusa mada yako moja kwa moja. Simu ikipata joto sana, hupunguza mwangaza wa skrini yenyewe ili ijilinde. Apple wenyewe wameandika kwamba simu zao zimekusudiwa kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Chukua simu iliyo juani kwenye dashibodi ya tuktuk, na beta ambayo mara nyingi hula betri na kuchemsha simu kwa sababu bado haijanyooshwa. Skrini inafifia wakati ule ule unapohitaji ing'ae zaidi. Zile niti 625 ulizosema, ukifika kwenye hali hiyo wala huzipati zote.

#3. BintiShella

Mimi niko upande wa pili na sitaki uzi huu uishe bila upande wetu kusikika.

Kazi yangu ni picha. Napiga picha za nyumba za wageni, za mashua, za wachonga milango. Kwangu mimi simu ni picha kwanza. Miaka yote vitufe vimekuwa vipande vya rangi vilivyobandikwa juu ya kazi yangu. Sasa naperuzi albamu, vitufe vimejikunja pembeni na picha inapumua hadi ukingoni. Mteja nikimwonyesha, anaona picha, haoni programu. Nilipoona beta mara ya kwanza nilifurahi kweli.

Kaka wa Mkomani, hoja yako ya jua ni ya haki. Ila naogopa kitu kimoja: watu wakilalamika sana, kampuni itafunika kila kitu ukungu na sisi tuliopenda tutabaki na kitu kisicho kioo wala si karatasi. Na karibu itokee. Beta ya 3 iliyotoka tarehe 7 Julai walitia ukungu mwingi mno, upau wa juu ukawa kama plastiki ya jokofu. Beta ya 4 ya tarehe 22 wakarudisha uangavu kiasi. Kwa nini tusidai chaguo? Anayetaka kioo apewe kioo, anayetaka maandishi yasimame apewe.

#4. MwalimuMstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Nina iPhone 12 aliyoniletea mwanangu. Sikuitia beta mwenyewe, mjukuu ndiye aliyeitia bila kuniuliza, akasema "babu tazama ilivyo nzuri."

Mato yangu, moja limefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la pili bado linangoja. Kwa mtu kama mimi tatizo si jua peke yake, hata ndani ya nyumba. Macho ya mzee yanahitaji ukingo: hapa kitufe kinaanza, hapa kinaisha. Kitu kikiwa kimeyeyuka kwenye kilicho nyuma yake, nabaki nikipapasa. Halafu vile vitufe vinavyotikisika na kuvimba ukivigusa vinanitia kizunguzungu, nalazimika kuiweka simu chini nitulie.

Na mimi nina jambo moja la kuuliza. Pensheni yangu inaingia kwa simu. Nikituma fedha, jina la ninayemtumia linatokea nilihakikishe. Nikilisoma vibaya, nani atanirudishia? Kwa kijana, kutosoma vizuri ni usumbufu. Kwangu ni fedha.

#5. MkaziWaMkomani

Mwalimu, shikamoo. Umesema jambo ambalo nilikuwa nalizungukia bila kulifikia.

Kwanza dawa ya haraka ya kizunguzungu: Settings, Accessibility, Motion, washa Reduce Motion. Na maandishi: kwenye ile ile Display & Text Size washa Bold Text, kisha Larger Text uvute hadi saizi inayokutosha. Mjukuu akufanyie leo, ukiwa umekaa naye, na umwambie akueleze anachokiwasha.

Kizunguzungu hicho si kipya. iOS 7 ilipokuja mwaka 2013 watu walichafukwa na roho kwa jinsi skrini ilivyokuwa ikikuza na kurudi ukifungua programu. Watu wakalalamika, madaktari wakahojiwa, na kwenye iOS 7.0.3, Oktoba mwaka huo huo, wakaweka njia ya kuzima mikuzo hiyo. Vile vile herufi: beta za mwanzo za iOS 7 zilikuja na herufi nyembamba mno, wajaribu wakapiga kelele, na beta ya 3 ikaja na herufi nene zaidi. Kwa hiyo mnaosema ndani ya nafsi zenu kwamba kulalamika hakusaidii, historia inasema vingine.

Na safari hii pia. Beta ya kwanza kabisa ya Juni, ile paneli ya vidhibiti ilikuwa haisomeki, aikoni za programu zilizo nyuma zilichanganyika na vitufe vya mbele. Picha zake zilienea dunia nzima siku hiyo hiyo. Beta ya 2 ikaja imetiwa ukungu zaidi nyuma ya vitufe. Halafu ndiyo ya 3 na ya 4 alizozitaja dada wa Shella. Ukizipanga hizo beta nne unaona timu inayovutwa huku na huku, inatafuta pa kusimama. Huu ndio wakati wa kusema.

Dada wa Shella, nakuunga mkono kwa asilimia zote kwenye chaguo. Simnyimi mtu kioo chake. Ninachotaka ni chaguo lisifichwe, na liulizwe mapema, simu inapowashwa mara ya kwanza, kama inavyouliza lugha.

Kuna kipimo cha kimataifa cha usomekaji ambacho watengenezaji wa tovuti wanakitumia, kinaitwa WCAG. Kinataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Shida ya kioo ni kwamba kilicho nyuma kinabadilika kila sekunde. Juu ya picha ya usiku unapita kipimo, ukisogeza kidole ikaja picha ya tanga au ya ukuta wa chokaa, umeanguka. Mbunifu hawezi kuahidi namba ambayo inategemea picha ya mtu mwingine. Hapo ndipo naona kasoro ya msingi, na ukungu wa beta moja hauiondoi, unaipunguza tu.

#6. TuktukKisumuNdogo (Malindi)

Mimi ni iPhone 11. Jua si tatizo kubwa sana kwangu, nimeifunga chini ya paa la tuktuk. Tatizo ni arifa zikirundikana sioni ipi ya abiria ipi ya nyumbani. Nikaweka picha nyeusi tupu kwenye skrini. Imeisha hiyo. Jaribuni.

#7. MkaziWaMkomani

Ahsante sana kaka, hilo linafanya kazi na halina gharama. Picha nyeusi, au ya rangi moja iliyokolea. Wenye picha za bahari na mchanga ndio wanaoumia zaidi, na sisi huku karibu wote picha zetu ni za bahari na mchanga.

#8. MokoweAndroid

Naona watu wa iPhone mmetawala uzi. Wengi wetu huku Lamu Kaunti ni Tecno, Infinix, Samsung. Nasi tunasukumiwa sura mpya, msidhani.

Google walitangaza ya kwao mwezi Mei mwaka huu, inaitwa Material 3 Expressive, na imekuwa kwenye beta za Android 16 za simu za Pixel. Mwelekeo wao ni mwingine: rangi zilizokolea, vitufe vikubwa, maumbo yanayotofautiana ili jicho lijue lipi ni la muhimu. Wanasema walifanya tafiti 46 zenye washiriki zaidi ya 18,000, na kwamba watu walikiona kitufe cha muhimu hadi mara nne haraka zaidi kuliko kwenye sura ya zamani. Hizo ni namba zao wenyewe, mzipokee hivyo. Lakini angalau swali waliloliuliza ni swali la huyu Mwalimu: mtu anakiona kitufe au hakioni?

Sisi wa simu za bei ya chini sura hiyo haitufikii moja kwa moja, inapitia kwanza kwa kampuni ya simu, na kampuni ina sura yake ya juu. Ninachoogopa ni mtindo wa kioo kuigwa. Mkubwa akivaa, wote wanavaa. Simu ya shilingi elfu kumi na mbili ikiiga kioo, na skrini yake yenyewe haina mwangaza, si tutakuwa tunabahatisha?

#9. Mpita_Njia

Wadau, nawaheshimu, lakini mnapoteza bando. Mtu aliyekaa California hajui Lamu ilipo. Mnadhani atasoma malalamiko ya nahodha?

#10. MkaziWaMkomani

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima ile ile.

Hajui Lamu ilipo, sawa. Ndiyo sababu hasa ya kumwambia. Beta ikijaribiwa na watu wa ofisini na vyumba vya kiyoyozi tu, itanyooshwa kwa ajili ya ofisi na vyumba vya kiyoyozi. Hakuna uovu wa mtu hapo, ni kwamba hakuna aliyempelekea jua. Na beta hii ni bure. Tangu 2023 hata zile beta za watengeneza programu hazidai tena ada ya mwaka, mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuzipata. Zamani tungesema mlango umefungwa. Sasa uko wazi.

Ila malalamiko yana namna ya kuyapeleka, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wanaandika "mbaya sana rudisheni ya zamani" na kuishia hapo. Beta inakuja na programu inayoitwa Feedback. Ifungue, andika jambo moja kwa ripoti moja. Usichanganye betri, kioo na benki. Taja aina ya simu, taja programu gani ulikuwa ndani yake, taja mwangaza ulikuwa umepandishwa mwisho. Taja saa na kwamba ulikuwa juani.

Halafu jambo ambalo sijaona likisemwa popote: picha ya skrini haina jua. Ukibonyeza vile vitufe viwili ukapata picha ya skrini, ile picha ni safi kabisa, mwangaza wa nje haumo ndani yake. Mhandisi ataifungua kwenye meza yake, ataona kila kitu kinasomeka, atafunga ripoti yako. Kwa hiyo azima simu ya pili. Mwenzako akupige picha ukiwa umeishika simu pale gatini, kidole chako kikiwa kinaelekeza kisichosomeka, na mwanga wa bahari ukionekana. Weka picha zote mbili, ile safi na ile ya juani. Hapo umempelekea jua mezani kwake.

Mimi na yule nahodha tumefanya hivyo. Tumepeleka skrini iliyofungwa yenye tanga, paneli ya vidhibiti, na upau wa chini wa kivinjari. Kila moja ripoti yake. Tumeandika kwa Kiingereza kifupi, si lazima kiwe cha kitabuni.

#11. MwalimuMstaafu

Marahaba. Mjukuu amewasha vyote ulivyovitaja. Arifa nazisoma. Jina la ninayemtumia fedha nalisoma bila kuvuta simu puani. Nimemwambia aandike ripoti hiyo kwa niaba yangu, nami nitamtamkia maneno: kwamba mtu wa umri wangu asilazimike kuwa na mjukuu ndipo aione simu yake.

#12. FundiSimu_Malindi

Mwalimu, neno hilo liende kama lilivyo.

Naongeza la huku kwetu. Simu nyingi zinazonifikia zilitoka kwa wageni wa Kiitaliano, na menyu bado ni za Kiitaliano. Wenyeji wa Malindi wengi wanakielewa, wanaziacha hivyo hivyo. Sasa hao nikiwaambia "ingia Accessibility" hawaioni. Kwa Kiitaliano imeandikwa *Accessibilità*, na alama yake ni umbo la mtu ndani ya duara, kwenye mraba wa buluu. Mtafuteni mtu huyo wa buluu, lugha yoyote simu iliyo nayo, mtafika.

Na kioo cha juu pia kina dhambi yake. Protekta zile za bei rahisi zenye michubuko, na zile za kuzuia jirani asichungulie, zinakula mwangaza mwingi. Kabla hujalaumu mfumo, bandua protekta utazame tena juani. Kuna mteja wangu alitoka dukani ameridhika bila kugusa mpangilio hata mmoja.

#13. BintiShella

Nimejaribu ule ushauri wa simu mbili. Nimepiga picha saa saba mchana ufukweni, iPhone 13 yangu, mwangaza mwisho. Nakiri hoja: programu ya picha inasomeka vizuri, lakini arifa juu ya picha ya mchanga mweupe haisomeki, hata kwangu mwenye macho ya miaka ishirini na kitu. Nimeipeleka. Bado nataka kioo changu, na nimeandika hilo pia kwenye ripoti tofauti: msikiondoe, wekeni chaguo.

#14. MkaziWaMkomani, katikati ya Septemba

Nausukuma uzi juu. iOS 26 kamili imetoka tarehe 15 Septemba. Waliokuwa beta wanaweza kuhamia toleo kamili bila kufuta simu, kisha waende kwenye mipangilio ya masasisho wazime beta, la sivyo wataendelea kupokea beta za mbele.

Tathmini yangu: toleo kamili linasomeka kuliko beta ya Juni, hilo halina ubishi. Arifa zimepata ukungu wa kutosha kwenye picha zilizokolea. Juu ya picha nyeupe bado. Chaguo tulilolidai halijaja. Reduce Transparency iko pale pale ilipokuwa, ndani ya ufikivu, na bado nasimamisha watu gatini kuwaonyesha.

#15. MokoweAndroid

Na ile ya Google imeanza kufika kwenye Pixel kwa toleo kamili tangu tarehe 3 mwezi huu. Nimeishika ya jamaa mmoja aliyekuja likizo. Vitufe vikubwa kweli, ukivuta arifa nyuma kuna ukungu, lakini kila arifa imekaa kwenye kadi yake yenye rangi nzima. Tulikuwa ndani ya boti tunavuka kuja Lamu, saa nane mchana, nikaisoma. Wengine wa Infinix tunasubiri.

#16. MkaziWaMkomani, Novemba

Wadau, limekuja. iOS 26.1 imetoka tarehe 3 Novemba na ndani yake kuna chaguo. Ingia Settings, kisha Display & Brightness, utaona Liquid Glass. Iguse, utapewa mbili: Clear, ambayo ni kioo kama kilivyokuwa, na Tinted, ambayo inakitia kioo rangi na kukifanya kizito zaidi ili maandishi yasimame. Haimo ndani ya ufikivu, imo pale pale mtu anapokwenda kupandisha mwangaza, yaani mahali ambapo mtu wa juani anapita kila siku.

Dunia nzima ilililia jambo hili, sisemi ni ripoti zetu. Ila zetu zilikuwamo.

Nimerudi gatini na iPhone 11 yenye 26.1, tanga lile lile jeupe. Tinted peke yake inatosha kwa arifa nyingi. Kwa paneli ya vidhibiti jua likiwa kali sana, Reduce Transparency bado ni bora, kwa hiyo wenye macho mazito wasiizime. Ninachoendelea kukidai ni swali kuulizwa simu inapowashwa mara ya kwanza, na hilo nimelipeleka jana.

#17. BintiShella

Clear kwangu, Tinted kwa mama. Nimefurahi sana.

Swali la haraka: baba ana iPhone XR, nimetafuta sasisho hili sioni chochote. Ni bando au ni simu?

#18. FundiSimu_Malindi

Ni simu, dada. XR, XS na XS Max zimeachwa, iOS 26 inaanzia 11 na SE ya kizazi cha pili. Abaki kwenye iOS 18, masasisho ya usalama bado yanatoka, ayapokee. Na mtu asimdanganye kwamba kuna namna ya kuflashi XR ipate 26, nimeshaona watu wakilipishwa kwa hilo.